Programu ya lebo za video inarudisha lebo fremu moja nyuma, kisha tunaambiwa macho yetu ndiyo mabovu

Ndugu wanajukwaa,

Nimevumilia miezi minne kabla ya kufungua uzi huu, na pengine ningeendelea kuvumilia kama jibu nililopata Jumatatu kutoka kwa watu wa huduma kwa wateja lisingenishauri nipumzishe macho kila baada ya dakika ishirini. Programu siitaji jina, wala kampuni yake, maana wakili ni ghali kuliko leseni. Wanaoitumia wataitambua kwa ugonjwa wake.

Kazi yangu ni kuweka lebo kwenye video za Lugha ya Ishara ya Kenya, lugha ambayo Katiba ya 2010 imeihesabu miongoni mwa lugha rasmi za Bunge lakini ambayo video zake zenye lebo za kuaminika bado ni za kutafuta kwa tochi. Kila ishara hupewa mahali inapoanzia na mahali inapoishia, na mpaka huo hupimwa kwa fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazofuatana kuunda video. Nitoe mfano wa jana. Katika fremu ya 4216 msemaji bado ameshikilia ishara iliyotangulia, vidole vimekunjwa na kiganja kimegusa kifua. Katika fremu ya 4217 kiganja kimeachana na shati, na kidole cha shahada kimeanza kunyooka. Hapo ndipo ishara mpya inapoanza, na mwenzangu ambaye ni kiziwi, aliyekua na lugha hii tangu utotoni, hahitaji hata kurudisha video ili akuonyeshe. Niliweka lebo ianze fremu ya 4217, nikahifadhi, nikafunga kompyuta. Asubuhi nilipofungua faili, lebo ilikuwa imeanza fremu ya 4216, kiganja kikiwa kifuani.

Mwanzoni nilijilaumu mwenyewe. Nikabadilisha kipanya, nikaomba kompyuta ya ofisi, nikafanya kazi asubuhi tu wakati akili imetulia. Lebo ziliendelea kurudi nyuma, ila si zote, na hilo ndilo lililokuwa likinitia wazimu: moja imekaa sawa, inayofuata imeteleza, mbili ziko sawa, nyingine imeteleza. Mkaguzi wa mradi alinirudishia faili 11 kati ya 14 akiniandikia kwamba sina umakini, na kwa kuwa tunalipwa kwa dakika ya video iliyopita ukaguzi, mwezi ule nilikula deni.

Baadaye nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, na nitaieleza polepole kwa sababu kampuni inadai kwamba tatizo hilo "haliwezi kurudiwa", yaani wao wakilijaribu halitokei. Kamera yetu hupiga fremu 29.97 kwa sekunde, kasi iliyorithiwa kutoka televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, ambako 30 iligawanywa kwa 1.001 ili rangi na sauti zisiingiliane. Fremu moja kwa hiyo huchukua milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 33.3667 hivi, na tarakimu zake baada ya nukta haziishi. Programu hii huhifadhi muda wa lebo kwa milisekunde nzima peke yake. Fremu ya 4217, ukihesabu kuanzia sifuri, huanza kwenye milisekunde 140,707.23, programu huikadiria hadi milisekunde nzima iliyo karibu, kwa hiyo huitupa hiyo 0.23 na kuandika 140,707. Ukiifungua faili tena, inakwenda moja kwa moja kwenye milisekunde 140,707, ambapo fremu ya 4217 haijaanza bado, imebakiza kama robo ya milisekunde, na kwa hiyo inakuonyesha fremu ya 4216. Fremu ya 4218 huanza kwenye 140,740.6, ambayo hukadiriwa kwenda juu hadi 140,741, nayo hufunguka mahali pake bila shida yoyote. Katika kila fremu 30 zinazofuatana, 14 hukadiriwa kwenda chini namna hiyo na kuangukia fremu iliyotangulia. Karibu nusu! Na kwa kuwa mwanzo wa lebo unaweza kuteleza huku mwisho wake ukibaki palepale, ishara ya fremu 9 inageuka kuwa ya fremu 10, na anayechunguza urefu wa ishara anapima kosa la programu akidhani anapima mikono ya watu.

Sasa sikilizeni walivyoijaribu. Walinitumia video fupi ya mfano, wakaniomba niweke lebo kumi, nifunge, nifungue. Zote kumi zilikaa sawa, nami nikaonekana mzushi. Kumbe video yao ni ya fremu 25 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo fremu moja ni milisekunde 40 kamili, haina nukta ya kutupwa wala ya kukadiriwa. Hata ungeijaribu hadi mvua za vuli, isingekosea. Niliwaandikia hayo pamoja na hesabu niliyoiweka hapo juu, nikaambatisha video yetu yenye fremu 29.97, na jibu lililorudi, baada ya siku kumi na tisa, ndilo hilo la kupumzisha macho.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa yake haihitaji mtaalamu wa kuletwa na ndege. Wangeweza kuhifadhi namba ya fremu pamoja na kasi ya video, muda ukahesabiwa upya kila faili inapofunguliwa. Kama hilo ni zito, basi wakadirie kwenda juu siku zote, kwa kuwa milisekunde moja ya kuchelewa bado iko ndani ya fremu ileile, ilhali hata robo ya milisekunde ya kuwahi inakutoa nje. Badala yake, toleo jipya limeongeza kioo cha muda chenye tarakimu tatu baada ya sekunde, kwa wino wa kijani, na kwenye tangazo lao wanaita hiyo "usahihi wa fremu". Na video za simu, ambazo urefu wa fremu zake hubadilika kadiri mwanga unavyopungua au simu inavyozidiwa, programu inazipokea kana kwamba fremu zote ni sawa na haitoi hata neno moja la tahadhari. Ila hilo linastahili uzi wake.

Nimeomba mambo mawili kwa maandishi: wakiri kosa hili hadharani, ili wakaguzi waache kuwakata watu malipo kwa makosa ambayo hawakuyafanya, na wanirudishie ada ya leseni ya mwaka huu. Sijajibiwa.

Mwenye video ya fremu 29.97 na anayehisi kwamba anaijua programu ninayoizungumzia, naomba aweke lebo ianze kwenye fremu ya 4217, ahifadhi, aifunge programu kabisa, aifungue tena, kisha aandike hapa chini ni fremu ipi ameikuta na anatumia toleo gani. Wa fremu 25 msijisumbue, kwenu itakaa sawa.