Nipande nini bustani ing'ae Juni hadi Agosti, Arusha?

Wadau, jua hutoka mawinguni saa tano. Nipande nini kwa miezi ya baridi?

Jibu: Mshubiri, bila kusita. Maua yake ya rangi ya chungwa huchanua baridi ikiingia, na ndege chozi huyafuata. Changanya udongo na mchanga nusu kwa nusu, panda juu ya tuta. Maji yakituama, mizizi huoza.

Jibu: Bogenvilia iweke penye jua zaidi. Kivulini, au ukizidisha samadi, utapata majani matupu.

Jibu: Nyuma yake zungushia uzio wa masale (dracaena), kijani mwaka mzima. Kata vipande vya sentimita 30, kidonda kikauke siku mbili kivulini, kisha chomeka theluthi moja. Usigeuze juu chini, havitashika.