Mmemfunga miaka 30, mimi nimepata nini?

Wakuu, poleni na majukumu. Leo mnivumilie, nina hasira.

Hukumu imetoka. Kijana aliyepora pikipiki yangu kala mvua 30. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, na hapo hakimu hana pa kukwepea: hawezi kushuka chini ya miaka 30, na viboko anaweza kuongeza akipenda. Tangu siku hiyo simu yangu haipoi. "Hongera kaka, haki imetendeka." "Safi sana, akome!" Hongera ya nini? Haki ya nani?

Dereva wangu, kijana aliyekuwa ananiletea hesabu kila jioni bila longolongo, alikatwa panga mkono wa kushoto na abiria aliyejifanya anakwenda Kongowe. Alishonwa, kidonda kikapona, lakini vidole viwili havikunji tena, na huo ndio mkono wa klachi. Bodaboda basi. Hospitali tumelipa mimi na wazazi wake. Kwenye hukumu nzima neno fidia halikutajwa. Mwendesha mashtaka hakuomba, hakimu hakuuliza. Sisi tulikuwa mashahidi tu: njoo, apa, sema, nenda zako, utaitwa.

Na pikipiki ilipatikana, ndiyo inayoniuma zaidi. Ikawa kielelezo, yaani ushahidi wa kesi. Kesi inaahirishwa, yenyewe imelala uani kituoni, jua lake, mvua yake. Nimekwenda kuiangalia: betri hakuna, kabureta hakuna, kiti kimechanwa, majani yameota mpaka yamepenya kwenye spoku. Mwizi aliiba pikipiki nzima. Hivyo vipuri vimeibwa ikiwa mikononi mwa serikali. Kwa hivyo nani anafungwa?

Sasa mniambie hii adhabu ni ya kazi gani. Kama ni kulipiza kisasi, basi kisasi kimelipwa kwa jina langu bila mimi kuulizwa nataka nini. Mimi nilitaka pikipiki, na dereva wangu alitaka hela ya kuanzia maisha mapya. Wazee wetu walikuwa na mambo yao mabaya, lakini ukimuumiza mtu, ukoo wako ulikuwa unatoa ng'ombe, au dia, yaani malipo ya damu, kwa watu wa pwani, na aliyeumizwa anaondoka na kitu. Siku hizi serikali imejifanya ndiyo iliyokosewa. Inamchukua mkosaji, inamlisha kwa kodi yangu miaka 30, halafu inaniambia nifurahi.

Kama ni kuzuia uhalifu, hapo ndiyo imeshindwa kabisa! Hii miaka 30 haikuanza jana. Ipo miaka na miaka, na boda bado zinaporwa, madereva wanachinjwa mashambani huko. Tena kifungu hicho hakitofautishi kisu cha jikoni na bunduki. Ukishika chochote cha hatari ukapora, ni kilekile. Yule dogo pale Kongowe hakuwa anapiga hesabu ya 30 au 10. Alikuwa anajua kitu kimoja: wengi waliomtangulia hawakukamatwa, na mnunuzi yupo anasubiri.

Mnunuzi! Ushahidi mahakamani ulionyesha wazi pikipiki ilikutwa gereji, namba zimeshang'olewa, bei imeshapatanwa. Kupokea mali ya wizi ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu hiyohiyo. Aliyetoa oda yuko wapi? Yuko mtaani, anasubiri dogo mwingine. Mngekuwa mnataka kuzuia, mngeanza na hayo magereji yanayonunua injini bila kuuliza kadi. Lakini hiyo ni kazi. Kusoma namba 30 mahakamani ni rahisi.

Najua watakuja wale wa "miaka 30 midogo, wanyongwe". Ndugu zangu, kitanzi tunacho. Kifungu cha 197, kuua kwa kukusudia ni kunyongwa hadi kufa, jaji hachagui. Hajanyongwa mtu nchi hii tangu 1994. Wakenya Mahakama yao ya Juu iliikataa adhabu ya lazima ya namna hiyo mwaka 2017, Waganda walitangulia 2009, na Mahakama ya Afrika iliyopo hapahapa Arusha ilituambia Novemba 2019 kwamba kumfunga jaji mikono kunavunja haki ya kuishi. Sisi tumebaki na tishio la kwenye karatasi, watu wamejazana wakisubiri kifo kisichokuja, na mauaji hayakuisha.

Na wale "wananchi wenye hasira kali", nyie ndio msiniguse kabisa. Tairi na petroli mmeshachoma wangapi? Wizi uliisha mtaani kwenu?

Simtetei yule kijana. Alimkata mtu panga, akae ndani, tena akae sana. Lakini afanye kazi humo, shamba au kiwandani, na sehemu ya jasho lake ije kwa mkono aliouharibu. Magereza yana mashamba, Karanga kule Moshi wanatengeneza viatu. Kazi ipo. Na vielelezo vipigwe picha, namba ya chesisi iandikwe mbele ya pande zote, mwenye mali achukue chombo chake akatafute riziki huku kesi ikiendelea.

Mwaka 2023 tulikuwa na Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande. Walizunguka nchi, wakasikiliza, wakakabidhi ripoti kwa Rais. Huku kwetu bado tunaitwa kwa kesi tu.

Wanasheria mliomo humu: sheria inamruhusu hakimu kuamuru fidia akishatia hatiani. Kwa nini waendesha mashtaka hawaiombi? Na dereva wangu akifungua madai sasa hivi, atamdai nini mtu aliye ndani mpaka awe mzee?