Dodoma sindano ya homa ya manjano hakuna, lakini kadi yake yenye muhuri inauzwa elfu hamsini

Wakuu, heshima kwenu. Nimeshikwa na hasira usiku huu na usingizi umegoma, kwa hiyo mnivumilie nitaandika kirefu. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa pasi za kusafiria, jambo langu ni jingine kabisa.

Mimi ni mama mjasiriamali, nasindika ubuyu hapa Dodoma. Tunaununua vijijini huko Chamwino na Mpwapwa, unga tunauza, na mbegu tunataka tuzikamue mafuta maana bei yake inaeleweka. Mwaka huu nikapata nafasi ya mafunzo Accra. Ghana haina mjadala: kila anayeingia, ukimtoa mtoto wa chini ya miezi tisa, lazima awe na kadi ya njano inayoonyesha amechanjwa homa ya manjano. Nililijua hilo, na nililijua mapema. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nilichelewa.

Siku 22 kabla ya safari, Jumatatu asubuhi, nikaenda kwenye kituo kinachotoa chanjo za wasafiri hapa mjini. Sikitaji jina, wahusika wakisoma watajijua. Dirishani nikaambiwa, "Mama, njoo Alhamisi." Nikarudi Alhamisi, tukajikuta watu wanne. Dada wa dirishani akasema kichupa kipo ila hakifunguliwi kwa watu wanne, tusubiri watimie kumi.

Hapa nataka niwe mkweli. Sababu hiyo ni ya kweli na niliipokea kwa moyo mweupe. Dawa ile inakuja ikiwa unga mkavu, inachanganywa na maji yake, na ikishachanganywa ina saa 6 tu, inayobaki inamwagwa. Kichupa cha dozi kumi ukikifungua kwa watu wanne, umemwaga dozi sita. Chanjo hii si ya kuchezea: mwaka 2016 homa ilipolipuka Angola na Congo, dozi zilipungua hadi Kinshasa watu wakachomwa moja ya tano ya dozi ili iwatoshe wengi. Kwa hiyo kubana matumizi sina ugomvi nako.

Ugomvi wangu uko hapa. Nikamuuliza, "Sasa dada, si mtuandike majina na namba za simu, tukifika kumi mtupigie?" Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Daftari hakuna! Kituo kinasubiri watu kumi lakini hakina karatasi ya kuandika nani amekuja. Aliyekuja Jumatatu anarudishwa, wa Jumanne anarudishwa, wa Jumatano anarudishwa, halafu wanalalamika hawatimii.

Tukafanya kazi yao. Sisi wanne tulifungua kundi la WhatsApp palepale chini ya mwarobaini, kila mmoja akatafuta wenzake. Tukapata mchungaji na mkewe wanaokwenda Nigeria, wafanyabiashara wa Kampala, na kijana mmoja dereva wa lori anayepeleka mzigo Lubumbashi. Alhamisi iliyofuata tukatokea watu tisa, saa mbili kamili asubuhi. Tisa! Mke wa mchungaji alikuwa tayari kulipia nafasi ya kumi kutoka mfukoni mwake ili kichupa kifunguliwe.

Tukaambiwa mchomaji hayupo, yuko semina Morogoro.

Siku hiyo bado nilikuwa na siku 12 mkononi, na hesabu ya siku ndiyo inayowaumiza wengi kwa kutoijua. Kadi haianzi kufanya kazi siku unayochomwa. Inaanza siku 10 baadaye, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujenga kinga, na afisa wa mpakani anaisoma tarehe hiyo. Ningechomwa Alhamisi ile, ningesafiri bila wasiwasi.

Tukiwa tunatawanyika, kijana mmoja mwenye koti jeupe akanifuata koridoni. Sauti ya chini, heshima tele. "Mama, una haraka? Lete pasi na elfu hamsini, dakika kumi tu umemaliza." Nikadhani amepata mchomaji mwingine. Akafungua bahasha ya kaki akanionyesha kadi. Wakuu, niliishika kwa mkono wangu. Kadi ya njano halisi, muhuri wa bluu umeshagongwa, saini ipo, hadi namba ya toleo la dawa imeshaandikwa kwa mwandiko mzuri wa kalamu nyeusi. Palipobaki wazi ni jina, namba ya pasi na tarehe. Nikamuuliza sindano je? Akasema, "Sindano ya nini tena mama? Tarehe narudisha nyuma wiki mbili, siku kumi zinakuwa zimeshatimia."

Kwa hiyo ile namba ya toleo inatoka kwenye kichupa kipi? Kichupa tulichoambiwa hakiwezi kufunguliwa ndicho kinachonakiliwa namba kwenye kadi za bahasha!

Nilikataa. Watatu kati yetu walikubali, na mmoja wao ni yule dereva. Sikumlaumu, ana tajiri anayempigia simu kila saa na mzigo umeshafungwa turubai. Lakini ndiye aliyeniuma kuliko wote. Mimi naenda kukaa kwenye ukumbi Accra. Yule anakwenda kulala kwenye lori foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, na kushinda Congo wiki nzima, nchi ambayo ugonjwa huu ni wa kweli na unaua. Homa ya manjano haina dawa ya kuiponya, ukiugua wanakusaidia maji na kupunguza maumivu tu wakisubiri mwili wako uamue. Kinga ni sindano moja. Na hiyo moja ndiyo aliyonyimwa, akapewa karatasi.

Tena si yeye peke yake. Mbu anayeeneza homa hii ni yuleyule wa dengue anayeng'ata mchana, na tunaye, Dar es Salaam wanamjua vizuri kwa milipuko ya 2014 na 2019. Mtu akirudi na virusi kwenye damu, mbu wa kumpokea yupo. Ule mlipuko wa Angola 2016, wasafiri 11 waliurudisha hadi China, huko Asia, bara ambalo halikuwahi kuupata. Hivyo ndivyo unavyosafiri, kwa watu wanaopita mipakani bila kinga.

Jumatatu nilirudi tena pale, mchomaji bado hajarudi. Jumatano alfajiri nikapanda SGR kwenda Dar. Huko nilihudumiwa kwa dakika arobaini. Muuguzi, mama mtu mzima, alinikalisha akaniuliza taratibu: nina mimba? Mayai yananidhuru? Nina ugonjwa au dawa zinazoshusha kinga? Kwa sababu chanjo hii ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, si kila mtu anachomwa. Akanionyesha kichupa, akanichoma juu ya mkono, akaniambia nikae kwenye benchi kwanza aone kama nitabadilika. Ndipo akaandika kadi mbele ya macho yangu, namba akiisoma kwenye kichupa kilekile. Sasa fikirieni wale wa bahasha: nani aliwauliza hata swali moja?

Tarehe ya kuanza kutumika ikaangukia Jumamosi. Ndege yangu ilikuwa Jumanne kabla yake. Kusogeza tiketi nikalipa laki nne na nusu, na nikakosa siku tatu za kwanza, ambazo ndizo walizofundisha kukamua mafuta. Akina mama kumi na moja wa kikundi changu walichanga ile nauli. Nimerudi na daftari la vifungashio.

Ninachotaka si kikubwa. Daftari na kalamu pale dirishani. Siku moja ya wiki ijulikane ni ya homa ya manjano, ibandikwe ukutani, na mchomaji awepo siku hiyo. Dodoma ni makao makuu ya nchi, watu wanasafiri kila siku, haiwezekani kumi wasipatikane kwa wiki. Na zile kadi zihesabiwe, moja moja, zilinganishwe na dozi zilizotumika. Maelezo yangu nimeshapeleka TAKUKURU kwa maandishi.

NYONGEZA: Wanaoniambia "ungelipa tu hiyo hamsini mama, mbona wengi wanafanya", nimewasoma wote. Sijalia hela ya tiketi. Someni tena.

NYONGEZA YA PILI, saa nne usiku: Yule dereva nimempata. Yuko Nakonde, upande wa Zambia, safari nyingine tena; amevuka Tunduma, kadi wameitazama na kumpitisha. Nikamsihi akirudi aende akachomwe kweli. Akaniandikia hivi, nanakili kama ilivyo: "Sasa dada nikienda si watasema nimeshachanjwa? Kadi ndio inasema hivyo." Na tangu Julai 2016 kadi hii haiishi muda, ni ya maisha. Nimekaa na simu mkononi, sijui nimjibu nini.