MJADALA: Lori moja ni sawa na magari madogo mangapi?

Wakuu, salaam. Kila foleni ikikaza Barabara ya Morogoro, hoja ni ile ile: malori yazuiwe mchana, yatembee usiku. Mwenzetu mmoja ameandika kwamba lori ni gari moja kama magari mengine, tatizo ni wingi wetu sisi wenye gari ndogo. Mwingine kamjibu kwamba lori moja ni sawa na gari kumi. Nawapinga wote wawili, maana kila mmoja ametaja namba moja kwa barabara nzima.

Wahandisi wanauliza hivi: nafasi na muda linaotumia lori vingetosha kupitisha gari ndogo ngapi? Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2000 wa kukadiria uwezo wa barabara ulihesabu lori kuwa sawa na gari ndogo moja na nusu kwenye tambarare, mbili na nusu penye vilima, nne na nusu milimani. Sasa chukua magari 100, na 20 kati yake yawe malori. Tambarare ni kana kwamba barabara inabeba gari ndogo 110. Mlimani, 170. Malori ni yale yale na madereva ni wale wale.

Nendeni mlima wa Kitonga mkaone. Mara ya mwisho nilipopanda kwenda Iringa, basi letu lilikwama nyuma ya semi la kontena. Utingo alikuwa ameshuka, anatembea pembeni na gogo mkononi, tayari kulisukumia chini ya tairi lori likirudi nyuma. Kwa miguu alikuwa anakwenda sawa na sisi! Nilichungulia: mbele ya lile semi lami tupu hadi kwenye kona, nyuma yetu msururu usioonekana mwisho. Ule utupu wa mbele ndio barabara tunayopoteza. Urefu wa trela lenyewe ni sehemu ndogo tu ya hasara.

Kupima lori ni sawa na gari ndogo ngapi hakuhitaji mitambo mikubwa. Weka alama barabarani, shika saa, andika sekunde zinazopita kati ya bampa la mbele la gari moja na la linalofuata. Pima magari yakiwa yamebanana lakini yanatembea, kwa sababu barabara ikiwa nyeupe kila mtu anaacha pengo atakalo. Halafu linganisha: gari ndogo nyuma ya gari ndogo, lori nyuma ya gari ndogo, gari ndogo nyuma ya lori.

Ila namba za Wamarekani tusizibebe zilivyo. Kwenye barabara zao kuu lori bila kibali maalumu mwisho wake ni tani 36 hivi, wakati sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56. Tena zile namba ni za barabara zenye njia mbili au zaidi kila upande. Kitonga nilipopita mimi, ukitaka kuovateki unaingia njia ya anayeshuka.

Dereva wa masafa anajibu: Mkuu, umesahau kitu. Mkituzuia hadi saa fulani, tunajipanga pembeni, saa ikifika tunaingia wote kwa mkupuo. Lori moja moja mnalipita. Malori thelathini yaliyofuatana mtayapitaje?

Mleta mada: Kaka, hapo umenipa nilichokosa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutounga mkono zuio la saa. Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa, mwenye haraka anapita kulia, lori halimfungi mtu. Pesa ziende kwenye njia ya ziada ya magari mazito pale mlimani, ianzie chini kabisa kabla lori halijapoteza mwendo. Anayetaka zuio aniwekee hapa sekunde alizopima mwenyewe, aseme alisimama wapi na saa ngapi, nami nitaweka zangu za Kitonga.