Naomba ushauri: michoro ya boksi za sabuni inanitoa jasho

Habari zenu wadau, mimi mchoraji tu niko Mbagala, kuna dada anatengeneza sabuni na mafuta ya kupaka akanipa kazi ya boksi, kila sabuni iwe na mchoro wa kwao, mwani wa Jambiani, karafuu za Pemba, machungwa ya Muheza. Yeye alitaka michoro ya tingatinga nikamkatalia, maana kila duka la watalii limejaa twiga wale wale, nikamchorea kama kanga, pindo linazunguka boksi, mmea unakaa mjini, yaani pale katikati, na pale pa jina la kanga ndo linaandikwa jina la sabuni. Akapenda balaa.

Sasa juzi tumeprinti sampo Kariakoo, ile bluu ya bahari imetoka zambarau kama juisi ya zabibu! Fundi ananambia faili lilikuwa RGB (rangi za skrini) sio CMYK (rangi za wino wa kuprinti), sawa kosa langu, ila nikibadilisha kwenye kompyuta rangi inapoa kabisa. Mnafanyaje nyie?

Halafu uso wa mbele ni sentimita 9 kwa 6 tu, viambato, uzito, tarehe ya kuisha, bachi namba na nembo ya TBS (shirika la viwango) akishaipata vyote vinataka nafasi, nikivibana nyuma havisomeki, nikikata pindo kanga inakufa.

Na hela je, nichukue ya mara moja au nidai kidogo kila akiprinti upya? Hatujaandikishana kitu mpaka leo, na wiki ijayo anataka mafaili yote.