Tuwasaidieje wabeba mizigo waliozeeka Kadutu?

Swali: Ndugu zangu wa Bukavu, katika soko la Kadutu wapo wazee waliobeba magunia miaka mingi kwa malipo ya kutwa, na sasa baadhi yao wanalala barazani. Kikundi chetu cha kujitolea huwapelekea uji. Tufanye nini zaidi?

Jibu la 1: Asanteni kwa moyo huo, mama. Pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii hapa Kongo, hutokana na michango ya mwajiri na mfanyakazi, na mbeba mizigo hana mwajiri wa kumchangia. Kwa hiyo anzisheni likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, ya wabeba mizigo ambao wangali na nguvu, yenye sehemu ya akiba ya ugonjwa.

Jibu la 2: Kule Kamagasaki, mtaa wa jiji la Osaka nchini Japani, vibarua waliojenga viwanja vya maonyesho ya dunia ya mwaka 1970 walizeeka, kazi zikapungua, wengi wakalala nje. Wanaojitolea hugawa chakula, lakini pia huzunguka usiku wakiwaangalia wagonjwa. Bukavu, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina usiku wa baridi; ziara hizo, pamoja na mablanketi, naziona za lazima kuliko uji.

Jibu la 3: Waulizeni wazee wenyewe kwanza, tafadhali. Pengine wapo wanaotaka kazi nyepesi, kama kulinda mizigo.