Additional Mathematics kidato cha tatu: mtoto mwenye uwezo achukue au aachane nayo? Tupeane uzoefu

Mama Wawili
Habari za jioni wadau. Binti yangu anaingia kidato cha tatu Januari. Hesabu anazipenda mwenyewe, hakuna anayemsukuma. Mwalimu wake kaniita, anataka aongeze Additional Mathematics juu ya hesabu za kawaida (Basic), wamechaguliwa wanane tu. Baba yake anasema ni kumtwisha mtoto mzigo wa bure. Mimi nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na hesabu tuliachana kidato cha nne tukiwa hatusalimiani, kwa hiyo sina la kuchangia hapa nyumbani. Mliopita huko nisimulieni yaliyowakuta.

Fundi Spana
Achukue bila kujiuliza. Tumefika kidato cha tano Julai, mwalimu wa hesabu za Advance (kidato cha tano na sita) kaingia na difarensiesheni kama mtu anayekimbizwa. Wenzangu wanaulizana dy juu ya dx ni sehemu au ni kitu gani, mimi nilishaiona kwenye Additional, nimekaa natabasamu. Na Fizikia je? Mwalimu wa makanika hakusubiri tumalize kwanza kalkulasi upande wa hesabu, aliitumia tu kama vile tumezaliwa nayo. Watu wanasema Advance ni miaka miwili. Unaingia Julai, mtihani wa taifa ni Mei, toa likizo, toa mock (mtihani wa majaribio), halafu niambie imebaki miaka mingapi.

Mstaafu wa PCM
Na mimi nilitabasamu hivyo hivyo, mkuu. Nikatabasamu mpaka Novemba. Kilichofuata ni namba changamano na milinganyo ya difarensho, na huko Additional haikunifikisha. Kumbe wenzangu walioanza sifuri walishazoea kukesha, mimi nilishazoea kulala. O-level nina A ya Additional, Advance nilitoka na E. Mwambie mama na upande huu.

Fundi Spana
Uvivu wako usilisingizie somo.

Mstaafu wa PCM
Sawa profesa.

Chausiku
Mimi nilichukua, nikapata F. Hiyo F iko kwenye cheti hadi leo, kila nikiomba kazi naiona inanichekea. Mama usithubutu.

Karani wa Pointi
Dada Chausiku, pole, ila tusimtishe mama. Divisheni inahesabiwa kwa masomo saba yaliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni wani ni pointi 7 mpaka 17. Mwenye masomo tisa akipata F moja, hiyo F haiguswi kwenye hesabu. Akipata A ya Additional, inaweza kumuokoa na C ya somo lingine. Kwa maana ya pointi, hana cha kupoteza.

Chausiku
Mwajiri hana muda wa kuhesabu saba bora, mkuu. Anaona F.

Karani wa Pointi
Na ulichopoteza ni muda, si pointi. Hapo ungesema nisingebisha.

Kizazi cha GPA
Sisi wa 2014 tulitoka na GPA badala ya divisheni, sijui Distinction, sijui Merit, divisheni zikarudi tukiwa tumeshapita. Msituulize mambo ya pointi. Additional niliipenda, lojiki hasa. Basi.

Mzee wa BAM
Swali ambalo hamjamuuliza mama: mtoto anataka kuwa nani? Kama ni PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), huko atakutana na BAM tu, zile hesabu nyepesi za Advance. Mimi nilihenyeka na Additional miaka miwili, halafu nikaenda PCB. BAM niliifanya nikisinzia, sawa, lakini ile jasho yote ningeiweka kwenye Kemia. Hata huko PCM, kombi ya Fizikia, Kemia na hesabu, wanaangalia Fizikia, Kemia na Basic ya kidato cha nne. Sijaona kombi inayodai Additional.

Bweni la Tatu
Uzi huu umenifukulia kitu ambacho hata mke wangu sijamsimulia.

Kidato cha tatu tulianza Additional tukiwa kumi na tisa. Mwalimu akahamishwa, hakuja mwingine, tukabaki sita. Tukagawana mada tufundishane wenyewe. Mimi nikapewa lokasi na vekta. Integresheni alipewa rafiki yangu. Godoro lake juu, langu chini. Wa kwanza kwenye hesabu ni yeye au mimi, muhula huu yeye, muhula ule mimi, na tulikuwa tunacheka kabisa kuhusu hilo.

Sasa siku ya pepa lenyewe, NECTA, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, wengine wote hawana mtihani. Bweni zima limelala, kengele hakuna. Usiku ule nilikesha na tochi mpaka saa tisa, nikamwambia jamaa nikipitiwa niamshe. Akasema lala, nitakuamsha.

Nimekuja kushtuka jua liko usoni. Nikatazama juu, kitanda kimetandikwa. Si kutandikwa kwa haraka, shuka limenyooshwa na pembe zimekunjwa kama siku ya ukaguzi. Nikamuuliza dogo mmoja saa ngapi, akasema saa mbili na dakika ishirini. Pepa linaanza saa mbili kamili. Ikipita nusu saa huingii.

Sikumbuki nilivaaje. Kutoka bwenini mpaka chumba cha mtihani unavuka uwanja wa mpira, nikaukata katikati pekupeku, suruali ya shule juu ya bukta, shati kifungo kimoja. Mlangoni askari akanyanyua mkono, moyo ukasimama, kumbe anatazama saa yake. Dakika ishirini na saba. Msimamizi akaniangalia miguu, akaniangalia usoni, akasema kaa.

Madawati sita, moja tupu. La kwake lilikuwa mbele ya langu. Hakugeuka.

Nusu saa nzima sikuandika kitu. Mbigili zimejaa kwenye nyayo, nazing'oa moja moja chini ya dawati. Mkono ulipotulia nikaanza na swali la lokasi kwa sababu hilo hata ukiniamsha usiku nalijua. Nilitoka na C. Yeye A. Mwaka wa kumi na mbili huu hatujasemeshana.

Mama Wawili, somo lenyewe lilinifaa sana, leo nachora barabara. Ila binti mpe saa ya mezani.

Neema ya Mvua
Daah. Hilo la shuka.

Mbishi Mstaarabu
Chai hii, tena ina tangawizi. Siku ya NECTA patroni hapiti bwenini?

Bweni la Tatu
Watahiniwa sita kati ya mia moja na kitu. Patroni alidhani tumemaliza kama wenzetu. Wewe ulisoma kutwa?

Mbishi Mstaarabu
Nilisoma kutwa, ndiyo, na sikuwahi kuchelewa pepa.

Fundi Spana
Hahaha mjibuni huyo. Bweni, labda jamaa alikuamsha ukasema "nimeamka" ukalala tena? Mimi nimewahi kumjibu mtu hivyo na sikumbuki.

Bweni la Tatu
Nimelifikiria hilo miaka yote, mkuu. Sasa kwa nini hakugeuka?

Kimya Kingi
Niliingia humu kwa ajili ya mdogo wangu. Kaka Bweni, mimi si huyo rafiki yako, nilisoma shule ya wasichana. Lakini niliwahi kumwacha mwenzangu amelala. Ilikuwa mock, si NECTA, na ilikuwa pepa la Additional hilo hilo. Nilisimama pembeni ya kitanda chake nimeshika mswaki, nikasema moyoni nitapiga mswaki kisha nirudi nimwamshe. Nikapiga mswaki. Sikurudi. Aliniamini kwamba nilisahau. Hadi leo ananiita kwenye shughuli za kwao.

Chausiku
Mungu anakuona, dada.

Neema ya Mvua
Mwacheni. Angalau kasema. Humu nani hajawahi kumficha mwenzake notsi?

Karani wa Pointi
Notsi na usingizi ni vitu viwili tofauti.

Mzee wa BAM
Hivi vipanga mna matatizo gani? Sisi wa D tulikuwa tunaamshana hata pasipo na mtihani.

Bweni la Tatu
Dada Kimya, nimekusoma. Sijui niseme nini, acha niishie hapo.

Mama Wawili
Jamani wadau, Additional. Nawaombeni.

Mwalimu wa Chaki
Mama, nimefundisha somo hili. Usiangalie A zake, A za Basic ziko za kukariri. Mpe pepa la Basic la miaka ya nyuma, mwache peke yake na kitabu cha logi. Akimaliza kabla ya muda na akaanza kutafuta njia ya pili ya swali alilokwisha kulipata, huyo mpe Additional. Akimaliza akakimbilia simu, mwache na tisa zake awe na amani. Jambo la pili ni kubwa kuliko la kwanza: uliza kama mwalimu yupo. Mwalimu mwenye vipindi kwenye ratiba, si wa kufundisha Jumamosi akijisikia. Mtoto mwenye uwezo asiye na mwalimu nimeona anaharibu na Basic yake, kwa sababu usiku wote unaishia kwenye Additional.

Mstaafu wa PCM
Naunga mkono.

Fundi Spana
Mimi siungi. Sisi mwalimu alikuwa mmoja kwa shule mbili na tulitoboa. Awe na kikundi tu.

Mbishi Mstaarabu
Kikundi kama cha Bweni?

Mtaka Pepa
Samahanini kuingilia, mwenye mapepa ya Additional ya miaka ya nyuma yenye majibu anitumie. Hasa lojiki.

Kizazi cha GPA
Lojiki njoo inboksi.

Mama Wawili
Nimerudi. Mwalimu yupo, ana vipindi vitatu kwa wiki, nimeiona ratiba kwa macho yangu. Na jana nilimuuliza binti mwenyewe, kitu ambacho kwa aibu nasema mimi na baba yake hatukuwa tumekifanya. Kasema anataka. Nikamuuliza kwa nini. Kasema kwa sababu rafiki yake anayelala naye kitanda kimoja, juu na chini, naye kachaguliwa.

Kesho naenda kutafuta saa ya mezani.

Bweni la Tatu
Nunua mbili, mama.